Alama za Vidole Mkononi mwa Mama

Jirani yangu hapa Miembeni ameoa mke kutoka Karagwe, kwao kwenye ng'ombe wengi, na wiki iliyopita huyo bibi harusi aliyeyusha samli asubuhi. Nilikuwa uani nafua. Harufu ilivuka ukuta, nzito na tamu, na wanangu wakatoka ndani wakinusa hewa kama paka. "Mama, wanapika nini?" Nikawaambia ni samli. Niliacha nguo kwenye beseni, nikaingia chumbani, nikafunga dirisha.

Najua wengi wa rika langu waliokulia huku kwetu, harufu hiyo huwarudisha kwenye raha. Matoke ya moto, maharage, kijiko cha samli kikiyeyukia juu yake, mvua ikipiga bati. Mimi hunirudisha kwenye nyumba ya bibi yangu kule Ijumbi. Namwona mama yangu ameketi juu ya nyasi zilizotandikwa sakafuni, bakuli mapajani, akila huku machozi yanamtoka, na Bibi akimwambia, "Malizia, mwana wange. Malizia upate nguvu."

Kwetu hasa palikuwa Izigo. Nilikuwa mtoto pekee wa wazazi wangu, jambo ambalo kijijini lilikuwa na maneno yake, lakini ndani ya nyumba yetu sikuwahi kuyasikia. Mama aliitwa Leokadia. Alikuwa mwembamba, mwepesi wa kucheka, na sauti yake ilisikika hadi ukingo wa kibanja, shamba letu la migomba, alipokuwa akiimba huku akipalilia. Baba, Laurian, alikuwa mrefu, mwenye mikono mikubwa iliyokakamaa kwa jembe na kahawa, na maneno yake yalikuwa machache. Akikusalimu asubuhi unaweza kukaa hadi jua kuzama usisikie neno lingine kwake. Sikumwogopa kwa ajili hiyo. Nilijua tu kwamba Mama ndiye msemaji wa nyumba, na Baba ndiye nguzo yake.

Ugonjwa ulianza na kujikuna. Mama alijikuna viganja, akajikuna nyayo, akajikuna mgongo kwa kuusugua kwenye fremu ya mlango. Kucha zikawa hazitoshi, akatafuta gunzi la mahindi lililokauka. Nikiwa kitandani nilisikia kwaru, kwaru, kwaru, nikadhani ni panya wanatafuna mbao za dari. Kwenye zahanati walimpa dawa ya upele, kisha dawa ya minyoo, kisha dawa ya upele tena. Ngozi ikawa nyeusi pale alipojikuna, na upele wenyewe haukuwepo.

Kisha macho yake yakawa ya njano. Siku hizo Baba alikuwa akiivisha ndizi za kukamulia lubisi, pombe yetu ya ndizi, zile zinazofukiwa shimoni zikafunikwa majani ya mgomba na kupewa joto hadi zigeuke rangi. Na Mama, kwa uchovu, alikuwa analala mchana akiwa amejifunika blanketi hadi kidevuni. Kwa akili yangu ya darasa la pili mambo yakaungana bila shida. Mama alikuwa anaiva. Nilimfuata Baba shambani nikamuuliza, "Mama akishaiva, itakuwaje?"

Baba aliacha kuchimba. "Nani amekwambia anaiva?"

"Macho yake yamekuwa kama ndizi."

Baba aliweka jembe chini, akaenda nyuma ya nyumba, akakaa huko hadi nilipoitwa kula. Nilidhani nimemkasirisha.

Baada ya hapo Mama alianza kuogopa machweo. Ndivyo nilivyoelewa mimi, kwamba anaogopa. Mchana alitembea vizuri, lakini jua likianza kuinama nyuma ya migomba alirudi nyumbani haraka, akaketi karibu na jiko, na hakunyanyuka tena. Akilazimika kunyanyuka alipapasa ukuta. Tulipotoka kwenye sala za jumuiya, zilizofanyika jioni nyumba hadi nyumba, Baba alimshika mkono juu ya kiwiko na kumwongoza njiani. Alimshika barabara, kwa sababu vijia vya vibanja vimejaa mashina na mifereji, na mara moja Mama alikuwa ameanguka akachubuka goti. Mimi nilitembea mbele yao na tochi. Leo nikifikiria, huenda hizo ndizo zilikuwa saa walizokuwa karibu zaidi, wale wawili wasiokuwa na mazoea ya kushikana mbele za watu.

Mama alipenda nimsugue mgongo alipokuwa anaoga nyuma ya nyumba. Siku moja nikaona alama mkononi mwake, juu ya kiwiko. Zilikuwa za rangi ya zambarau, nyingine zikielekea weusi. Gumba upande huu, vidole vingine upande ule. Hazikuhitaji maelezo. Palikuwa na mama mmoja jirani yetu ambaye mumewe akilewa alimpiga, na mikono yake ilikuwa na alama za namna hiyo, na sisi watoto tulizijua kama tulivyozijua herufi za ubaoni.

"Mae," nikamwuliza, "Baba anakupiga?"

Mama alicheka hadi maji yakamwagika kutoka kwenye kata. "Baba yako? Baba yako kuku akimchinja huomba msamaha kwanza."

Lakini hata yule jirani alikuwa anacheka alipoulizwa. Kwa hiyo sikuamini. Tangu siku hiyo nilikaa kati yao kila nilipopata nafasi. Baba akinikatia muwa, niliuacha pale alipouweka. Aliutazama muwa, akanitazama mimi.

Binamu yangu alipopata kipaimara tulikwenda Ijumbi, nyumbani kwa akina Mama. Nyumba ya Bibi ilikuwa imejaa watu, nyasi mpya zimetandikwa ndani zikinukia, wanawake wanapakua. Mama alikuwa anawasaidia. Alipoinua kikapu cha matoke kukipitisha juu ya vichwa vya watu waliokaa, mkono wa gauni lake uliteremka hadi begani. Aliyekuwa ameketi chini yake ni kaka yake mkubwa, Mjomba Projestus, fundi seremala mwenye sauti ya kusikika kanisa zima. Mjomba aliziona alama. Alisubiri Mama aweke kikapu, akamchukua hadi nyuma ya jiko. Nami nikawafuata.

"Leokadia, hii ni nini?"

"Inatokea tu, Projestus. Nikigongwa kidogo tu inatokea."

"Inatokea tu, tena na vidole?"

"Sijapigwa."

"Wote husema hivyo." Alizinyoshea kidole alama. "Umekonda, macho yamebadilika, mwili una makovu. Na bado unamfichia?"

"Simfichii mtu. Nisikilize basi, kaka."

Hakumsikiliza. Alitoka hadi uwanjani, ambako Baba alikuwa anakula na wanaume wengine, akasimama mbele yake.

"Laurian, dada yangu umemfanya nini?"

Mazungumzo yalikatika uwanja mzima. Baba aliweka sahani chini polepole. "Sijamfanya kitu."

"Vidole vilivyo mkononi mwake ni vya nani?"

Baba alitazama mikono yake mwenyewe, kana kwamba ndiyo iliyoulizwa. "Nilimshika," akasema. "Haoni giza likiingia. Nilikuwa namwongoza njia."

Mtu mmoja akaguna. Mwingine akacheka kwa pua. Mjomba akasema dada yake harudi Izigo, na kama kuna mwenye neno alete wazee. Mama alikuja mbio kutoka jikoni akisema si kweli, si kweli, lakini wanawake walimzunguka na kumrudisha ndani kwa upole, kama arudishwavyo mtu asiyejua analosema. Baba aliondoka peke yake kwa miguu. Nilimwona akipotea kati ya migomba, nami nikajisikia salama. Ndivyo ilivyokuwa.

Bibi alikuwa na maelezo yake. Mwanamke aliyepigwa, alisema, hukauka damu, na dawa ya damu iliyokauka ni kulishwa. Alikuwa na ng'ombe wake mmoja aliyempenda kama mtoto, na samli ya ng'ombe huyo ilikuwa inasifiwa Ijumbi nzima. Sasa yote ikawa ya Mama. Samli kwenye matoke, samli kwenye maharage, samli kwenye uji. Supu ya kwato iliyoganda mafuta juu. Msimu wa senene, panzi wetu wa kuliwa, ulipofika, Bibi aliwakaanga kwa mafuta yao wenyewe hadi wakang'aa, akampa Mama kilo nzima kabla ya mtu mwingine kuonja. Hakuna mtoto aliyemwonea Mama huruma katika mlo huo. Tulimwonea wivu.

"Mae, mafuta yananiumiza," Mama alimwambia Bibi. "Yakiingia tu tumbo linachafuka."

"Ni kwa sababu hujazoea kula vizuri. Huko ulikokuwa walikunyima."

"Hakuna aliyeninyima."

"Malizia, mwana wange."

Akala kwa sababu aliyempa alikuwa mama yake, na alikuwa amempa kilicho bora kuliko vyote alivyokuwa navyo. Akala akilia. Mimi nilidhani analia kwa kumkumbuka Baba, na moyoni nikamshangaa. Baada ya kula alikwenda chooni akiwa amejikunja, akarudi akiwa na jasho usoni. Mwili wake uliyeyuka mbele ya macho yetu. Mifupa ya mabega ikatokeza. Alipopiga mswaki alitema damu. Bibi aliona yote hayo akaongeza samli.

Baba alikuja mara moja tu. Alikuja na baiskeli, mkungu mkubwa wa matoke umefungwa nyuma. Kwetu mgeni akifika, hata awe mtu mliyekosana naye, huletewa kahawa za kutafuna katika kijikapu, achukue chache, ndipo mazungumzo yaanze. Mjomba alikuwa ameketi mlangoni, na kijikapu kilikuwa karibu na mguu wake. Hakukigusa. Baba akabaki amesimama juani, kofia mkononi.

"Nimekuja kumwona mke wangu. Nataka aende hospitali Bukoba."

"Alipokuwa kwako ulimpeleka lini?"

"Nimempeleka zahanati mara nyingi."

"Na ulipompiga ulimpeleka wapi?"

Kutoka ndani Mama aliita, "Baba Asimwe!" kwa jina langu, na Baba akapiga hatua moja, lakini Mjomba akanyanyuka, naye ni mtu mpana. Walisimama hivyo hadi Bibi alipotoka na kusema kwa upole, "Nenda nyumbani, Laurian. Aache apone." Baba alifungua mkungu, akauegemeza ukutani, akaondoka. Bibi hakutaka tuule. Uliliwa na mbuzi.

Jambo lililobadilisha kila kitu halikuwa kubwa. Jioni moja Mama alikuwa anatoka chooni, jua limezama tu, akakosea njia akaenda moja kwa moja kwenye shimo tulilokuwa tunatupia takataka. Bibi alikuwa anakusanya kuku. Aliruka na kumdaka mkono. Mikono ya Bibi ilikuwa midogo, na kidole chake cha kati kilikuwa kimepinda tangu panga lilipomkata akiwa msichana. Alimdaka, akamvuta, wakasimama wote wawili wakihema, kisha wakacheka kidogo, na mambo yakaisha.

Asubuhi Bibi alimpasha Mama maji, kwa kuwa Mama alikuwa hana tena nguvu za kujiogesha. Nilikuwa nimeshika sabuni. Bibi alianza mgongoni, akaja begani, akashuka mkononi, na hapo akaacha. Juu ya kiwiko palikuwa na alama mpya, za zambarau. Ndogo. Na alama ya katikati ilikuwa imepinda.

Bibi aliweka mkono wake juu yake. Ulikaa sawasawa, kila kidole mahali pake.

Alimalizia kumwogesha, akamvalisha, akamlaza. Mama alishasinzia. Kisha Bibi akatoka hadi kwenye kibanda cha useremala, ambako Mjomba alikuwa anapiga randa, nami nyuma yake na sabuni yangu mkononi.

"Projestus, nenda Izigo ukamwite shemeji yako."

"Nikamwambie nini?"

"Mwambie nimemshika Leokadia mkono. Ataelewa."

Mjomba alicheka kwanza, akidhani Bibi amechanganyikiwa. Bibi akamnyoshea ile mikono yake midogo, na machozi yakaanza kumtoka bila sauti. "Ni mimi pia," akasema. "Kama yeye alimpiga, basi na mimi nimempiga."

Mjomba aliweka randa chini. Alichukua baiskeli akaondoka na mavumbi ya mbao nywelini. Kabla hawajarudi pua ya Mama ilianza kutoka damu, na damu haikukubali kukatika. Bibi alijaza vitambaa. Baba alifika na gari la kukodi akiwa ameketi mbele na Mjomba nyuma, na hakuna aliyesalimiana na mwenzake. Baba aliingia ndani, akamtazama Mama, akasimama hapo bila kujua amshike wapi. Mwishowe alimbeba kwa blanketi, kama abebwavyo mtoto mchanga, mikono yake isimguse ngozi.

Hospitalini Bukoba tulikuta daktari mwanamke, mtu mzima, aliyetuuliza mambo ambayo hakuna aliyewahi kutuuliza. Alimuuliza Mama kama anawashwa bila upele. Alimuuliza rangi ya choo chake, na Mama kwa aibu akajibu kwa sauti ya chini kwamba ni cheupe kama udongo wa kufinyangia, kinaelea, na kina mafuta. Alimuuliza Baba kama mkewe anaona vizuri giza likiingia.

"Haoni," Baba akasema. "Ndiyo maana nilikuwa namshika."

Walimpa Mama sindano ya vitamini K, wakamwongezea damu, na baada ya siku moja damu ikaanza kutii. Ndipo daktari alipotuketisha kwenye benchi.

"Umewahi kuosha sufuria ya mafuta kwa maji matupu?" alimuuliza Bibi. "Haitakati. Unahitaji sabuni. Sasa ndani ya mwili sabuni ya mafuta ni nyongo. Inatengenezwa na ini, inapita kwenye mirija midogo hadi tumboni. Mirija ya huyu mama imeharibika, nyongo haifiki. Basi mafuta anayokula yanapita tu, yanamchafua tumbo, yanatoka. Na kuna vitamini zinazobebwa na mafuta. A ya macho, D ya mifupa, E, na K inayogandisha damu. Mafuta yakipotea, nazo zinapotea. Ukimshika kidogo tu damu inavuja chini ya ngozi."

Mjomba Projestus aliuliza, kwa sauti ambayo safari hii haikufika mbali, "Kwa hiyo hakupigwa?"

"Hakupigwa."

Tulingoja Baba aseme kitu. Alikuwa na haki ya kusema mengi. Alitazama mikono yake iliyokuwa magotini.

"Lakini vidole ni vyangu," akasema.

"Ni vyako," daktari alijibu, "lakini ulikuwa unamsaidia."

"Ni vyangu," Baba akarudia, na hakuna aliyeweza kumwondoa hapo. Nilisogea kwenye benchi hadi bega langu likagusa mbavu zake. Alinifunika kwa koti lake, bado akitazama chini.

Bibi naye alikuwa na swali lake. "Na samli yangu?"

Daktari alichagua maneno. Alisema mafuta mengi yalimwumiza, lakini Bibi hakujua, na hata sasa asiyafute kabisa, kwa sababu bila mafuta kabisa mgonjwa hukonda zaidi na hata vidonge vya vitamini havipati cha kuvibeba. Kidogo kidogo, alisema, kijiko kidogo katika kila mlo, si bakuli zima kwa mara moja. Bibi alitikisa kichwa kuitikia, lakini nadhani alisikia sehemu ya kwanza tu. Aliporudi Ijumbi alimpa ndugu yake yule ng'ombe amfuge, na tangu hapo nyumba yake haikunukia samli.

Baadaye walimpeleka Mama Mwanza kwa vipimo. Ulikuwa ugonjwa unaokula mirija ya nyongo ndani ya ini polepole, kwa miaka, bila kosa la mtu. Hakulishwa sumu, hakulogwa, hakunywa pombe. Kupona hakukuwepo. Palikuwa na dawa ya kupunguza mwendo wake, ambayo mara ilipatikana na mara haikupatikana, na palikuwa na vitamini.

Mama alirudi Izigo. Mjomba alimleta mwenyewe, na mlangoni Baba akaleta kijikapu cha kahawa. Akakisogeza mbele ya Mjomba, akangoja. Mjomba alichukua punje, akatafuna, akashindwa kumeza. "Shemeji," akaanza. Baba akamwambia, "Tafuna kwanza." Sikusikia msamaha ukiombwa siku hiyo, wala sikusikia ukitolewa, lakini Mjomba alikaa hadi jioni akatengeneza mlango wetu uliokuwa unalegea.

Baba akageuka mpishi. Wanaume walimcheka, na wanawake hawakujua wamweke fungu gani. Alipika matoke kwa maharage, mchicha, dagaa, akapima mafuta kwa kijiko cha chai kama mtu anayepima dawa, kwa kuwa kweli ilikuwa dawa. Vidonge vya vitamini vilikuwa laini, vina mafuta ndani yake, na alimpa Mama katikati ya chakula, si kabla wala baada. Asubuhi alimtandikia jamvi juani kando ya kahawa zilizoanikwa. Na hakumshika tena. Walipotembea alimpa mkono wake uliokunjwa, Mama akaushika yeye, kwa kiasi alichotaka. Hata alipojikwaa, Baba alisimama kama mti na kumwacha ajishikilie. Niliona jasho likimtoka kwa kujizuia.

Jioni moja nilikuwa nimepiga magoti napuliza moto. Jua lilikuwa limezama, taa haijawashwa. Mama alikuwa ameketi mahali pake karibu na jiko.

"Asimwe," akasema, "umejipaka nini shavuni?"

Nikapitisha mkono, nikaona masizi. Iliniingia polepole. "Mae, unaniona?"

"Nakuona. Na paka yule pale kwenye kinu, namwona."

Nilipiga kelele kumwita Baba. Alikuja mbio, panga mkononi, akidhani ni damu tena. Mama akamwambia, "Baba Asimwe, shati lako umefunga vibaya vifungo." Baba alijitazama kifuani. Vifungo kweli vilikuwa vimepishana. Akaketi kwenye kizingiti, akafunika uso kwa kofia, mabega yakatikisika.

Ningependa hadithi iishie hapo. Tulipewa miaka kadhaa, ambayo naiita mizuri kwa sababu ya iliyofuata. Kuwashwa hakukuisha. Siku moja alikohoa ubavu ukavunjika, kwa kikohozi tu, mifupa yake ilikuwa imeshakuwa myepesi hivyo. Macho yakarudi kuwa ya njano, safari hii ya kukolea, nami sikuwa tena mtoto wa kudhani kwamba anaiva. Tumbo likavimba. Akaanza kuniita kwa jina la mdogo wake aliyefariki zamani. Nilikuwa darasa la saba alipotapika damu asubuhi ya mvua, na Bibi, ambaye alikuwa amehamia kwetu kumuuguza, alimgeuza na kumfuta hadi alipotulia, na hakuamka.

Wanawake wa jumuiya walikuja kumwosha. Mimi niliketi nje chini ya dirisha, na sauti zilitoka.

"Tazama mkono huu."

"Mungu wangu. Na begani."

"Masikini Leokadia. Kumbe ilikuwa kweli. Alivumilia."

Ndipo nikasikia sauti ya Bibi, ya uchovu, wala si ya hasira. "Hakupigwa. Hizo za begani ni zangu, nimemgeuza leo asubuhi. Atakayetoka humu akasema mwanangu alipigwa, aje aniambie mimi niliyemzaa." Nikasikia maji tu.

Walipomlaza kwenye jeneza alilolitengeneza Mjomba, tuliitwa kumuaga kabla ya kwenda kibanjani alikochimbiwa kaburi. Baba alikuja wa mwisho. Alisimama juu yake, mikono ameifunga nyuma, kama alivyozoea kuifunga kwa miaka yote ile ili isimdhuru. Watu walingoja. Padri alikohoa. Baba hakusogea.

Kwetu mama mkwe na mkwewe hawashikani. Husalimiana kwa mbali, macho chini. Bibi alinyanyuka kutoka kwenye nyasi alipokuwa amekaa na wanawake, akavuka chumba mbele ya watu wote, akamshika Baba mkono kutoka nyuma ya mgongo wake, akauleta mbele.

"Mshike," akamwambia. "Haumii tena."

Baba aliinama. Akamshika Mama mkono juu ya kiwiko, pale pale, kwa nguvu zake zote, na hakuna aliyemwambia aachie.